Uzi Chini ya Boriti

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kifungua mimba, zima hiyo simu. Mafundi wako huko juu ya paa watakungoja. Kitindamimba, niinulie mto, mgongo unaniuma. Nisikilizeni kabla sijakata kauli, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimia.

Wosia nitawapa, lakini kwanza ipo kazi moja. Binti yangu, hii ni yako, kwa kuwa mikono yako ya ushonaji haitetemeki. Fungua droo ya chini ya kabati, utoe kadi ile ngumu iliyochakaa kingo. Teremka nayo hadi saluni, umwombe dada wa saluni kile kingazi chake kifupi. Juu ya vioo vyake ipo boriti ya chuma, hiyo inayobeba nyumba hii yote, na chini ya boriti kuna uzi wa nailoni nilioufunga mimi, ukuta kwa ukuta. Pale katikati, pitisha kadi kati ya uzi na boriti. Ikipita, panda utuletee. Isipopita, usipande. Umenielewa, mama? Usirudi kuchukua kitu, wala kuniaga. Mtoe dada wa saluni na wateja wake, wenye povu kichwani na wasio na povu, mvuke barabara, uniite kwa sauti kutoka upande wa pili. Nenda. Usikimbie ngazini.

Kifungua mimba, usimkunjie uso dada yako. Najua unachosema moyoni, kwamba mzee anaweweseka. Jana nilikusikia hapo koridoni ukimwambia mpangaji kuwa baba hana tena akili za kusikilizwa. Masikio yangu bado mazima, mwanangu, mwili ndio umechoka.

Mnajua nilifundisha ujenzi chuoni miaka thelathini na mmoja. Mnajua pia kuwa mimi na Mwalimu Kiwiko ndio tuliofasiri kile kitabu cha kazi za chuma, kwa sababu wanafunzi wetu walikuwa wakikariri Kiingereza wasichokielewa, halafu wanakwenda kuwajengea watu nyumba. Tulimwita Kiwiko kwa vile alivyoandika, kiwiko kimechomoza nje kama mkono wa birika, ukikaa karibu yake lazima akuchome mbavu. Alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Hilo sikuwahi kuwaambia, nawaambia leo.

Katika kitabu kile kulikuwa na kitenzi kimoja, yield, kilichotukalia kooni wiki tatu nzima. Tulikwenda maktaba tukafungua makamusi mazito ambayo hata kuyabeba ni kazi, tukafukua asili yake. Tukakuta kwamba hapo kale, kwa wenyewe Waingereza, neno hilo lilikuwa na maana ya kulipa, mtu kutoa anachodaiwa, atake asitake. Baadaye likahamia shambani, ardhi inapotoa mazao, kana kwamba nayo inamlipa mkulima jasho lake. Likaenda vitani, kwa askari anayetupa silaha chini na kusalimu amri. Likafika hadi barabarani, kwa dereva anayempisha mwenzake. Kiwiko akacheka hadi akatoa machozi. "Bwana wee," akasema, "neno hili lina ukoo mrefu kuliko wangu!" Na sisi tulilihitaji kwa chuma tu.

Maana chuma nacho hufanya hivyo, wanangu, na hapa ndipo mnisikilize vizuri. Ukikipa mzigo, kinapinda kidogo, hata jicho halioni. Ukiuondoa mzigo, kinarudi kilivyokuwa. Lakini upo mpaka. Ukiuvuka mpaka ule, hata uondoe kila kitu, chuma hakirudi tena. Nilitaka tuandike "kulegea". Kiwiko akakataa katakata. "Kilicholegea hukazwa, bwana. Hiki hakikazwi. Andika kukubali. Chuma kimekataa, kimekataa, kimekataa, halafu kikakubali." Akaliandika neno hilo kwenye kadi kwa mkono wake, nami nikatia sahihi chini. Na kilichonitisha tangu siku ile ni kwamba chuma kikisha kukubali hakipigi kelele. Utakipaka rangi, utafungua saluni chini yake, watu watacheka humo na kusukana nywele.

Kadi hiyo ndiyo aliyoteremka nayo dada yenu.

Nilipojenga nyumba hii, mama yenu, Mungu amrehemu, alitaka duka la vitambaa lenye mlango mpana, lisilo na nguzo katikati ya kumzibia wateja. Mama yenu alipotaka kitu mlikuwa mnamjua. Nikatafuta boriti ndefu, nikaipata kwenye bohari lililobomolewa. Ilikuwa imepinda katikati. Nikamwita mchomeleaji, tukaikalisha juu ya magogo, tukaisukuma kwa jeki na kuipiga nyundo siku mbili mpaka ikanyooka, kisha nikaipaka rangi ya kijivu mara tatu. Mara tatu, sikieni, kwa sababu ukurasa wa arobaini na mbili wa kitabu chetu niliuandika mimi mwenyewe: chuma kilichopinda kikanyooshwa kisirudishwe juu ya vichwa vya watu. Nilikuwa nawafundisha vijana jambo hilo asubuhi, na jioni nasimamia boriti yangu ikipandishwa.

Kiwiko alikuja siku tulipoipandisha. Alipanda jukwaa, akapitisha kiganja chini ya boriti polepole, kama daktari anayetafuta uvimbe, akazikuta alama za nyundo chini ya rangi. Akaniambia mbele ya mafundi, na mafundi wenyewe wote nilikuwa nimewafundisha: "Mwalimu, hiki kimekwisha kukubali. Kishushe." Kichwa kikanivimba. Nikamwambia aende akafundishe watoto wake, kama anao. Hakuwa nao, na nilijua jinsi yeye na mkewe walivyohangaika. Akatoa kadi mfukoni, akaiweka juu ya lundo la mchanga, akaondoka. Miaka kumi na mmoja hatukusalimiana. Siku aliyozikwa nilisimama nyuma kabisa, nikaondoka kabla watu hawajamaliza kutupa udongo.

Lakini maneno yake yalinikaa. Wiki ile ile nikaufunga uzi, nikaacha nafasi ya vidole viwili kati yake na boriti. Kila mwaka nilikuwa nikishuka kupima, najifanya nimekwenda kuwasabahi walioko dukani, na baadaye saluni, nikirudi naandika kwa penseli ukutani nyuma ya kabati hili. Lisogezeni mtaona. Miaka mingi boriti ilinyamaza. Siku ya msiba wa bibi yenu, nyumba ilipojaa watu, ilishuka unywele mmoja, na walipoondoka ikarudi. Nikafurahi kama mtoto. Nikajiambia Kiwiko alikuwa mwoga tu.

Kisha wewe, kifungua mimba, ukaleta habari za tangi la maji juu ya paa. Nikakataa. Ukapandisha sauti, ukasema nakuonea kijicho, ukasema mama yenu mgonjwa anabebewa maji ya ndoo ngazi zote hizi kwa sababu ya ukaidi wangu. Hapo uliniweza. Nikakubali. Boriti ikashuka nusu kidole. Mwaka jana tangi lilipokaushwa lisafishwe, nikashuka kuangalia kama imerudi.

Haikurudi.

Nilisimama juu ya kile kingazi, rula mkononi, na chini yangu bibi harusi akitengenezwa nywele. Nikashuka. Nikamwambia dada wa saluni buibui wamezidi huko juu, nikapanda kuja kunywa chai na nyinyi. Ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Sikuwaambia. Ningewaambia nini, kwamba mwalimu wa ujenzi amewalaza watoto wake juu ya chuma alichokikataza kwa mkono wake? Niliogopa aibu kuliko nilivyowaogopea nyinyi. Hilo ndilo lililonilemea kifuani, wala si huo ugonjwa mnaoambiwa na madaktari. Nisameheni. Kama hamwezi leo, nisameheni mtakapoweza.

Na sasa kuna hizo tofali za ghorofa yako mpya. Siku mbili nimelala hapa nazisikia zikipanda ngazi, nazihesabu. Mia tatu na arobaini mpaka jana magharibi. Leo asubuhi dada wa saluni amekuja kunijulia hali, akanichekesha eti mlango wake umeota kiburi, hauwezi kufunguka bila kupigwa teke, juu umebana. Mlango ule, mwanangu, uko chini ya katikati ya boriti. Yeye alicheka. Mimi nilimwomba tu awe karibu na nje, kisha nikawaita nyinyi.

Basi wosia wangu ndio huu. Nyumba hii siwarithishi. Ibomolewe kuanzia juu, tofali kwa tofali, na asikae mtu ndani wala chini yake inapobomolewa. Kiwanja ni chenu watatu, sawa kwa sawa. Cherehani ya mama yenu ni ya binti yangu, naye hahitaji maneno. Kitindamimba, vipimo vyangu vya ukuta, timazi na pima maji, ni vyako. Wewe dereva unayempisha kila mtu hata bajaji, hukunipa shida maishani, na labda ndiyo maana sikukutazama vya kutosha. Kadi ile mpelekeeni mjane wa Kiwiko. Mwambieni alisema kweli na mimi nilijua kuwa alisema kweli. Na lile neno la watoto... mwambieni nalo linanichoma mpaka leo.

Kifungua mimba, wewe nakuachia kitabu. Ukurasa wa arobaini na mbili. Umerithi shingo yangu, na hapo sina wa kumlaumu. Sikukataza ghorofa yako kwa kijicho. Wala sikuombi leo ushindwe na mimi, mimi ni wa kuondoka. Nakuomba uishushe mipango yako kabla...

Maji. Asante. Yametosha.

Mbona amechelewa? Kupitisha kadi si kazi ya... Nyamazeni. Nyamazeni kidogo. Hicho kinachokwaruza ni nini? Ni mlango wa saluni, si ndiyo? Wanausukuma.

Hiyo. Mmesikia? Ni yeye. Anaita "Baba!" Inatoka nje. Inatoka upande wa pili wa barabara.

Haikupita. Inukeni.

Kitindamimba, teremka, gonga milango ya wapangaji wote, watoto wabebwe kama walivyo, asitafute mtu viatu. Kifungua mimba, wapigie kelele mafundi wako, waache kila kitu huko huko, washuke mikono mitupu, mmoja mmoja. Nenda basi! Mimi niacheni. Ngazi ni nyembamba, kitanda hakipiti, nami nimelala mahali nilipojitandikia mwenyewe. Nendeni na radhi zangu...

Umewaita, kifungua mimba? Wanashuka? Nawasikia. Vizuri. Sasa toka.

Unafanya nini? Niache, mwanangu. Niache nimekwambia. Unapiga magoti... wewe? Hujawahi kuinama tangu uanze kutembea. Mgongo wako... haya. Haya, baba. Nimeshika.

Polepole. Usishike ukuta, shika chuma cha ngazi. Hapa kuna kidato kilichovunjika, nilisema nitakitengeneza. Nina uzito bado, eh? Pumzi yako naisikia. Wacha niseme hapa sikioni, sitaweza tena huko chini. Nimewaridhia wote watatu. Mungu awape nyumba zenye nguzo nyingi, hata zizibe mlango... mpendane... mkiambiwa shusheni, mshushe. Na anayewaambia msimtukane.

Naona mwanga. Huyo dada yako kule, na kadi mkononi. Analia nini huyu.

Usinishushe hapa. Hapa bado ni chini yake.

Vuka barabara kwanza.