Chura Katikati ya Sala

Ijulikane kwa wote kwamba mwaka 1953 Auleria, mwanafunzi wa bweni, alipanda basi la Mtoni akitafakari mambo matakatifu. Kwa kweli alikuwa akisikiliza ya watu.

“Watoto watafundishwa nje wakati wa ibada,” Gaspar, mzee wa kanisa, alimwambia Bibi Kokushubila kwenye kiti cha mbele. “Jumapili wametuletea chura katikati ya sala.”

“Mie sijui kusoma, Mzee Gaspar. Kule Bukoba tulikaa mkeka mmoja, wakubwa kwa watoto, mwanangu akininong'oneza kila ubeti nami nikiimba. Siku hizi ni mjukuu. Ukimtoa, nitaimba nini?”

“Na chura je?”

Auleria alicheka kabla hajajizuia. Basi likasimama, mzee akageuka.

“Shikamoo, mzee. Chura alikuwa wangu. Na nilikaa benchi la wakubwa.”