Sahihi ya Detlef

Kwenye tramu za Leipzig, hapa Ujerumani, hatusemeshani na tusiowajua. Lakini Jumanne ile kijana mmoja alikuwa akilinganisha vipeperushi viwili vya jimu za mazoezi, kimoja kikiwa na picha ya sauna, chumba cha joto cha kutoa jasho, na mama aliyekaa kando yake, kavaa nyeusi tupu, uvumilivu ukamshinda.

"Usitazame sauna, kijana. Uliza namna ya kutoka."

"Kutoka? Hata sijajiunga, mama."

"Ndiyo wakati wa kuuliza. Mume wangu, Detlef, alichagua hiyohiyo, kwa ajili ya hiyo sauna. Februari akafariki. Nikawaandikia kuwaarifu, wakanijibu barua ya kujitoa lazima iwe na sahihi ya mwanachama mwenyewe."

Kijana akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Si ungewapelekea cheti cha kifo?"

"Niliwapelekea. Wakasema hakina sahihi yake."

Sikushangaa. Huku kwetu hata kifo kisipotiwa sahihi ni uvumi tu.

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikamtilia sahihi. Miaka thelathini nimemwandikia kadi za Krismasi za ndugu zake. Mwandiko wake ninao mkononi."

"Wakakubali?"

"Wiki ileile. Walimshukuru kwa kufuata utaratibu, wakamtakia afya njema."

Tramu ikasimama. Kijana akainuka haraka. "Lakini mama, labda ni yule wa ofisini tu. Pale mapokezi wana tabasamu zuri sana."

Akashuka. Kipeperushi cha ile jimu nyingine, isiyo na sauna, alikiacha kwenye kiti.