Bi Tatsue Ishige, Aliyepeleka Mboga Senju

Huyu tunayemzika leo, Bi Tatsue Ishige, alizaliwa tarehe 9 Februari 1924 katika kijiji hiki cha kando ya bwawa la Inba, mkoa wa Chiba, akiwa mtoto wa pili wa mkulima Mzee Yasaku na mkewe Bi Nobu. Alisoma shule ya hapa kijijini akamaliza mwaka 1938. Wenzake wanakumbuka kwamba alisoma akiwa amesimama nyuma ya darasa, mdogo wake mgongoni, kwa sababu mtoto yule alilia kila dada yake alipoketi. Mwalimu alimwacha asimame, na somo halikumpita.

Mwaka 1943 aliolewa na Kanji Ishige, wakajaliwa watoto wawili, Morio na Sumie. Kanji alirudi kutoka vitani akiwa na mguu usioweza kazi nzito. Basi kuanzia 1951 Bi Tatsue alijiunga na kina mama waliopanda treni ya alfajiri kwenda Tokyo kuuza mboga. Mgongoni alibeba kikapu kilichompita kichwa: figili nyeupe, magimbi, karoti, vitunguu vya majani, na wakati wa joto biringanya na matango. Aliuza mtaa wa Nippori, mlango kwa mlango, na wateja wake walimzoea kama ndugu.

Kanji alifariki Machi 1963. Katika kisomo cha kumwombea, siku ya arobaini na tisa tangu afariki, wageni wakiwa bado wanakula, Morio, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alisema kwamba kulima hatalima, amepata kazi katika kiwanda cha uchapaji Tokyo. Bi Tatsue, uchungu wa mume ukiwa bado mbichi, alimwambia mbele ya watu wote, "Nenda. Ila ukivuka kizingiti hicho usirudi. Mimi sina mtoto wa kiume."

Morio alivuka. Sumie anasema mama yao aliyajutia maneno yale jioni hiyo hiyo, akiosha vyombo. Lakini hakuwa mtu wa kumeza kauli aliyokwisha kuitoa, na mwanawe alikuwa amerithi moyo ule ule.

Mwaka 1971 Sumie alimletea habari kwamba kaka yake ameoa, anaishi mtaa wa Senju, huko huko Tokyo, na ana binti mdogo. Wiki iliyofuata Bi Tatsue aliwaacha wateja wake wa miaka yote, akashuka Senju. Mwenzake wa safari, Bi Tome, alimsuta ndani ya treni. "Wee Tatsue, umerogwa? Unaacha watu wako unakwenda kubisha hodi kwa wasiokujua?" Alijibu kwamba Nippori kuna vilima, magoti yamechoka. Bi Tome hakudanganyika, maana alijua ni nani aliyeishi Senju.

Mke wa Morio, Etsuko, hakuwahi kumwona mkwewe. Alichofahamu ni kwamba mumewe na kwao hawaelewani. Alinunua mboga kwa mama huyu mchangamfu kama majirani wote walivyonunua, na kwa kuwa alikuwa bado mgeni wa jikoni, aliuliza sana. Siku moja Bi Tatsue alimwelekeza kuyabonda magimbi kidogo kwa kitako cha bakuli kabla ya kuyatia sufuriani, mchuzi wa soya upate kuingia, kisha kunyunyizia ganda la limau lililokunwa mwishoni.

Usiku huo Morio alitia gimbi mdomoni, vijiti vya kulia chakula vikasimama hewani. Aliuliza nani kamfundisha. Etsuko akasema ni mama wa mboga, yule anayetoka Inba. Morio alikula mpaka bakuli likawa tupu, ndipo akasema, "Uendelee kununua kwake. Na usimwombe apunguze bei."

Mambo yakaenda hivyo miaka minane. Binti yao, Chika, alikuwa hataki karoti hata kuziona. Bi Tatsue aliketi naye kizingitini, akavunja karoti vipande viwili, akatafuna kimoja taratibu huku akimtazama, mpaka mtoto akanyoosha mkono kuomba kingine. Chika alimwita Bibi, kama watoto wote wa mtaa. Etsuko alishangaa kidogo kuona muuza mboga akifuta macho.

Tarehe 17 Januari 1979 Bi Tatsue alianguka kituoni, kikapu mgongoni. Damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo. Bi Tome alikwenda moja kwa moja hadi Senju.

"Mkweo amelazwa," alimwambia Etsuko.

"Mkwe yupi?"

"Huyo anayekuletea figili."

Etsuko alipompigia mumewe simu kazini, Morio hakuuliza mkwe yupi. Alikiri kwamba alijua tangu yale magimbi. Mara mbili aliomba ruhusa kazini, akasimama dirishani ghorofani nyumbani kwake, akamwona mama yake ameinama barazani akipanga mboga. Hakuweza kushuka ngazi.

Kiharusi kilimnyima Bi Tatsue mkono wa kulia na kauli. Morio alipopiga magoti kando ya kitanda akasema, "Mama, nimerudi," mama yake alifungua kinywa, isitoke hata herufi. Ndipo akainua mkono wa kushoto, akamwekea sawa kola ya shati. Alihamishiwa Senju, akaishi huko miaka mitatu. Morio ndiye aliyempondea boga na magimbi na kumlisha kwa kijiko kila jioni, akimsimulia habari za kazini. Wakati mwingine alimuuliza kama amemsamehe, na mama yake akakaza midomo, akajaribu, akajaribu tena, mpaka Etsuko alipomwomba mumewe asimuulize tena.

Bi Tatsue alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 1982, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Leo wanawake wa Senju wamepanda treni kuja huku, wengi wao kwa mara ya kwanza. Langoni walimvuta Etsuko kando wakamuuliza mama huyu aliitwa nani hasa, maana miaka yote walimwita Mama wa Inba. Etsuko alilitamka jina zima, polepole, wakalirudia pamoja naye.

Ameacha mwanawe Morio na mkewe Etsuko, binti yake Sumie na mumewe, na mjukuu mmoja, Chika. Anazikwa kando ya Kanji. Alale kwa amani, Bi Tatsue Ishige.