Sauti ya Mtu wa Pili

Asubuhi ile kahawa ilikuwa imechemka, vikombe vimeoshwa na kupangwa, na hakuna aliyemiminiwa hata tone. Benchi limeegemea ukuta, chini ya dirisha la chumba cha Shangazi mwenye kahawa, na waliokaa juu yake ni walewale wa kila siku. Kuna Spika, mnadi wa nguo za mitumba, ambaye akinong'ona anasikika mtaa wa pili. Kuna Wakili, ambaye sheria hakuisomea popote ila ana kibanda cha fotokopi, na mikataba ya watu huwa anaisoma wakati mashine inapasha moto. Na kuna Fundi Geti, mchomeleaji, karakana yake ikiwa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima humwita yule mama Shangazi, lakini shangazi wa damu alikuwa wa mtu mmoja tu: Mwalimu, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajang'oka jino la utoto na sasa anafundisha hesabu sekondari. Jana Mwalimu alijifungia humo chumbani na kompyuta ya kuazima, akafanya mtihani ambao waombaji wa kutoka nje hufanya ili waingie shahada ya uzamili. Mtihani ukasimamishwa katikati. Wasimamizi, waliokuwa wakimtazama kupitia kamera kutoka huko kwao, walisema wamesikia sauti ya mtu wa pili. Shangazi hakulala. Alikuwa amefura, na leo alitaka kumjua huyo mtu wa pili ni nani.

— Nauliza kwa wema, alisema, na uso wake haukuwa na wema wowote. Nani aliyefungua domo lake jana mtoto wangu akiwa kwenye mtihani?

Wanaume watatu wakatazamana.

— Shangazi, mimi jana nilijifunga kitambaa mdomoni, alisema Spika. Watu wakadhani naumwa jino. Kuna mama kaniletea karafuu.

— Sauti yako haizuiwi na ukuta, itazuiwa na kitambaa?

— Sasa nifanyeje, nijishone?

— Ungejishona. Siku moja tu. Mtu kasoma miaka, anarudi kazini kachoka, anasahihisha madaftari ya watoto wa watu, halafu ndiyo anaanza kusoma vitabu vyake. Wewe unaniuliza ungefanyeje.

Fundi Geti akaona ajitetee kabla zamu yake haijafika.

— Mimi mashine sikuwasha kabisa. Mteja wa geti kaja, kanuna, kaondoka, sijamwambia hata kwa nini. Nilimfanyia ishara za mikono kama bubu.

— Mimi napenda tuanzie kwenye masharti, alisema Wakili, akikohoa kidogo kama kawaida yake kabla ya kuzungumza mambo makubwa. Masharti nilimchapia mwenyewe Mwalimu, nayajua. Mtahiniwa awe peke yake chumbani. Mlango ufungwe. Isisikike sauti ya mtu wa pili. Sasa nauliza: mtu wa pili ni yupi? Maana aliyeko nje ya ukuta hayumo chumbani. Kisheria huyo hana namba.

— Wakili, usinichefue.

— Shangazi, natafuta haki ya mtoto. Mimi naamini hawa watu wana orodha. Ukishaandika unatoka nchi gani, mashine inaanza kukutafutia sauti. Hata ukikohoa mwenyewe, inaandika mko wawili.

Fundi Geti akatikisa kichwa.

— Si orodha, bwana. Mashine za siku hizi zina masikio makali mno. Mwalimu alikuwa na wasiwasi, moyo unadunda, pu, pu, pu. Mashine ikaona hapa kuna mtu anagonga mlango.

— Ingekuwa moyo ingewafelisha wote, alisema Spika. Mimi nitawaambia ukweli, mnicheke mkitaka. Ilisikia mawazo. Nilikuwa nimekaa hapahapa, mdomo umefungwa, lakini kichwani nanadi. Suruali za ofisini, suruali za ofisini, jaribu uondoke nayo. Mtu ukishazoea kunadi, kichwa hakinyamazi.

— Kwa hiyo mashine ilisikia suruali?

— Ndiyo maana wakachanganyikiwa wakasimamisha mtihani.

Siku nyingine Shangazi angecheka mpaka ashike mbavu. Leo maneno yale yalimpandisha damu. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowamiminia kahawa hata siku ambazo hawakuwa na cha kumpa, akaona kwamba kwao jambo hili limeshakuwa porojo kama porojo nyingine. Yeye alimwona mwanawe akitoka chumbani jana, kompyuta ameibana kifuani.

— Mnacheza na maisha ya mtu, alisema. Mmekaa hapa kupiga soga juu ya maisha ya mtu. Spika, wewe ndiye uliyeongea. Nilikuwa hapa, nilikusikia.

— Ulinisikia nasema nini?

— Ulimwambia Fundi habari za mpira.

— Kwa vidole, Shangazi. Nilimwonyesha mabao kwa vidole.

— Mkacheka.

— Tulicheka kimoyomoyo.

Mlango ukafunguka, Mwalimu akatoka. Macho yalikuwa mekundu, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, simu mkononi. Wote watatu wakanyanyuka nusu kumpisha, kama watu waliokutwa wamekalia kiti cha mwenyewe. Hakukaa.

— Spika hakuongea, alisema.

— Mwanangu, usiwatetee. Nilikuwepo.

— Simtetei. Wamenitumia kipande chenyewe cha sauti, nimekisikiliza. Hiyo sauti ni ya mwanamke.

Shangazi akakunja uso, akatazama juu na chini ya barabara, akiwatafuta wanawake wote wa mtaani.

— Mwanamke gani? Yule muuza mkaa?

Mwalimu alibonyeza simu. Kwanza zilisikika herufi za kompyuta zikibofywa, kisha, kwa mbali kidogo lakini wazi kabisa, sauti ya mtu aliyekereka: "Nyie, hebu nyamazeni, mtoto anafanya mtihani."

Hakuna aliyemtazama Shangazi. Spika alipata kitu cha kuangalia kwenye kiatu chake. Wakili akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Shangazi alibaki na mkono hewani, aliokuwa ameunyoosha kuelekea kwa muuza mkaa. Usiku kucha alikuwa akimlaani mtu huyo. Alikuwa amemwombea apooze ulimi.

Alishika birika akaanza kumimina. Alimmiminia Spika, akammiminia Fundi, akammiminia Wakili, kahawa nyingine ikaenda kwenye sahani. Spika alikuwa na nafasi ya kumrudishia yote aliyomwambia tangu asubuhi. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema asante, Shangazi.

— Mimi ndiye niliyekuharibia, alisema Shangazi, bila kugeuka.

— Hapana.

— Sauti ni yangu.

— Sauti ni yako, alisema Mwalimu. Na hasira ninayo, Shangazi, ninayo mpaka meno yananiuma. Ila si ya kwako. Unajua waliniuliza nini? Huyo mwanamke ni nani, na alikuwa anakupa jibu la swali la ngapi.

— Jibu?

— Nikawaandikia kwamba ni shangazi yangu, anawanyamazisha watu nje. Wakaniuliza kama "nyamazeni" ni neno la siri.

Fundi Geti alikuwa amejaza kahawa mdomoni, ikabidi ageuke pembeni. Kicheko kikamtoka puani. Mwalimu mwenyewe alicheka pia, kicheko kifupi kisicho na raha, kikaisha upesi.

— Nimewatafsiria neno kwa neno. Ndiyo asubuhi hii wamejibu. Wananipa nafasi nyingine, Jumamosi, na ni ya mwisho. Lakini niwathibitishie kwanza kwamba nina chumba ambacho haitasikika sauti ya mtu wa pili. Ikisikika tena, basi, mpaka mwakani. Na mwakani umri wa kupewa ufadhili wa masomo utakuwa umenipita.

Hapo benchi zima likaamka. Kosa lilikuwa limepata dawa, na kila mmoja aliona dawa anayo yeye.

— Njoo kwenye kibanda changu, alisema Wakili. Nafunga siku nzima.

— Kibanda chako ukuta wake ni bango la soda, alisema Fundi. Mtu akipita na baiskeli unadhani kaingia ndani.

— Kwenye kontena la mitumba basi, alisema Spika. Marobota yamepangwa mpaka juu, sauti haipenyi. Mimi huwa nalala humo, hata mvua siisikii.

— Na mtandao utapenya?

— Mtandao haupenyi.

— Na hewa?

Spika akafikiri.

— Hewa kidogo.

— Shuleni kwako je? Shangazi aliuliza. Kwani madarasa Jumamosi si yako wazi?

— Nilishamwomba mkuu. Jumamosi wamewapa watu wa harusi, muziki unaanza kupigwa asubuhi.

— Sikilizeni, alisema Fundi Geti. Nina mabati mazito. Nikichomelea usiku na mchana, Ijumaa napata chumba kamili, pande nne na paa, naziba pembe zote. Tunakipeleka uwanjani, mbali na watu.

— Ndani ya bati, juani? Mtoto atoke ameiva?

— Basi mochwari, alisema Spika, na alisema kwa dhati kabisa. Nina rafiki anafanya kazi huko. Baridi safi, umeme haukatiki, na wenyeji hawaongei.

— Masharti yanasema asiwepo mtu mwingine chumbani, alisema Wakili.

— Marehemu naye ni mtu?

Wakili aliinua kidole, akakishusha.

— Hapo ningehitaji muda.

— Mnaniona nacheka mimi? Shangazi aliuliza. Sauti haikuwa kubwa, lakini wote wakaacha kunywa. Mnayasikia mnayosema? Mtoto akafanyie mtihani kwa maiti. Akajifungie kwenye bati kama mkate. Ana kosa gani? Kaiba nini? Huyu mtoto hesabu zake zote kazijulia hapa. Hapa. Spika ananadi, Fundi anakata vyuma, mimi napiga kelele, jirani anagombana na mumewe, na yeye yuko dirishani anapata mia kwa mia. Hajawahi kuniambia nyamaza, Shangazi, nasoma. Hata mara moja.

— Kweli, alisema Mwalimu. Kelele sizisikii. Jana nilikuwa kwenye swali la uwezekano, ninalimaliza, na hata hiyo sauti yako sikuisikia. Wao ndio waliisikia. Mimi ndiye niliyekuwa nafanya mtihani, na kelele hazikunisumbua mimi, ziliwasumbua wao.

Akakiweka sawa kitambaa cha kichwa.

— Nimesoma kila kitu walichosema nisome. Walitaka hesabu, nimejua hesabu. Walitaka insha kwa lugha yao, nimeandika insha mpaka naota kwa lugha yao. Sikujua kama kuna somo la chumba. Hilo hakuna kitabu chake. Hilo unazaliwa nalo.

Fundi Geti aliweka kikombe chini taratibu, asije akakigonga.

Wakati wote huo alikuwa amesimama pembeni mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, mama kijana aliyehamia juzijuzi, mtoto mgongoni na kikombe chake mwenyewe mkononi. Alikuja kununua kahawa, akakuta maneno yamepamba moto, akaona haya kuyakatiza. Mtaani hapo hakuwa amemzoea mtu. Mtoto alilalamika mgongoni, akamtikisatikisa, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani. Kwani hao waliotunga mtihani, wao wanaishi na nani?

Spika, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alifungua mdomo ukabaki wazi. Wakili akakohoa, akasema "kisheria," na baada ya hapo hakikuja kitu. Shangazi alijaribu kuwaza nyumba ambayo mtu hutunga maswali ndani yake pasipo mama wala mtoto, pasipo jirani wala mgonjwa wa kukohoa chumba cha pili, na ambayo mwenyewe akitoka nje hakuna wa kumuuliza umelalaje. Hakuipata. Alikasirika upya, na safari hii hasira yake haikuwa na mtu wa kumfikia hapo barabarani.

Mwalimu alikuwa ameshafungua simu, kidole gumba kimesimama juu ya herufi.

— Rudia, dada yangu, alisema. Taratibu. Nataka niwaandikie hivyohivyo.

Yule mama akarudia.