Pikipiki Inayozimika Kalavati

Benchi letu pale njia panda ya Makambako lilikuwa ubao wa bodi ya lori lililopinduka, umelazwa juu ya mapipa mawili. Ukikaa hapo unaona njia tatu: ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe. Mimi nilikuwa na jiko la mkaa, birika la kahawa, vikombe sita, na Ida mgongoni, mwenye miezi saba. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1954, na upepo ulikuwa wa kutafuta mtu hadi ndani ya mifupa, kwa hiyo wengi walikuja kukishika kikombe zaidi ya kukinywa. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Agustino tulimwita Spana, fundi aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita, huko Burma. Odilo tulimwita Utingo, maana alipanda nyuma ya malori hadi Manda ziwani, mpaka siku alipovunjika mguu. Anania tulimwita Karani. Aliandika majina ya vibarua kwenye shamba la miwati, ile miti ya magome, kwa miezi miwili tu, lakini kalamu haijawahi kutoka mfukoni.

Asubuhi hiyo wote watatu walikuwa wamechanganyikiwa kwa ajili ya Mwalimu Enoki. Binti yake Hulda alikuwa Njombe kwa shangazi yake Priska, na saa nane mchana lori la misheni lingemchukua kwenda Bulongwa kujifunza uuguzi. Hangerudi mpaka Krismasi. Blanketi aliloagiziwa Iringa lilikuwa limechelewa, likafika jana jioni, na baridi ya Bulongwa si ya kuchezea. Gari la Njombe siku hiyo halikuwepo. Ilikuwepo pikipiki ya Mwalimu, ya zamani, ya kabla ya vita, aliyoachiwa na mzungu mmoja wa misheni. Spana alikuwa ameifungua injini yote na kuifunga upya. Iliwaka kwa teke moja. Ikaenda nusu maili hadi kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, ikakohoa, ikazimika. Wakaisukuma kurudi benchi. Ikawaka tena kwa teke moja. Ikazimika tena kalavati.

Sasa walikuwa wanairudisha kwa mara ya pili, Utingo naye akisukuma na mguu wake ule.

— Karani, shika blanketi, — alisema Mwalimu akihema. — Lisiguse mafuta.

Karani akalipokea, akaliweka magotini. Lilikuwa jekundu, zito. Yeye alikuwa na koti lenye kiwiko kimoja, na meno yalikuwa yanagongana, lakini hakulifungua hata pindo.

— Saa ngapi? — Mwalimu aliuliza.

— Saa tatu u nusu kwa jua langu, — alisema Utingo.

— Ikipita saa tano sitamkuta. Hata ikiwaka.

Spana alipiga magoti, akavuta kizibo cha tangi. Kifuniko chenyewe kilikuwa kimepotea wakati injini iko chini kwenye gunia, na jana nilipoona petroli inarukia suruali ya Mwalimu nilimchongea kizibo cha gunzi la hindi, kama tunavyoziba chupa za mafuta ya taa. Nikakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka kikabana sawasawa. Kikivutwa kililia fyo! kama mtoto anapoachia titi. Kila kilipolia hivyo nilifurahi.

— Petroli imejaa, — alisema Spana, akakirudisha. — Hapa hakuna shida.

— Na kizibo ni kizibo, — Mwalimu akanigeukia. — Hakuna hata tone, Mama Ida. Kazi za mikono nilikuwa sikupi alama bure.

Ni kweli alinifundisha hadi darasa la nne. Mwaka ambao sikuwa na sweta alinihamishia dawati la dirishani, mahali jua linapoingia asubuhi, na hakusema kwa nini.

— Petroli imejaa, lakini petroli gani? — alisema Karani. — Ina maji. Nimewahi kuona. Maji yanakaa chini, yanangoja.

— Yanangoja nini?

— Yanangoja kalavati.

— Karani, — alisema Spana akifungua plagi, — maji hayajui kalavati. Tazama hapa. Plagi kavu. Moto wake huu, mpaka unauma. Mimi mkono wangu hauna kosa. Nimefunga injini za jeshi chini ya mvua ya mabomu.

— Mabomu yalikuwepo, — alisema Utingo, — ila injini hizo zilivuka kalavati?

— Burma haina makalavati.

— Basi ndiyo hapo.

Nilicheka, nikamwongezea Spana kahawa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa oili. Alikunywa bila kukishika kikombe kwa vidole, alikibana kwa viganja ili asikichafue.

— Mimi nasema ni joto, — aliendelea Utingo. — Ringi ni mpya. Injini ikipata moto zinavimba kama miguu ya mjamzito. Zinabana. Ikipumzika zinapungua, inawaka. Nipeni nafasi nyuma, niisikilize.

— Na mguu huo?

— Nasikiliza kwa mguu?

Wakapanda wawili, Mwalimu mbele. Teke moja, ikawaka vizuri kabisa, sauti yake safi hata Ida akainua kichwa mgongoni. Wakaondoka. Sisi tukasikiliza ikienda, ikienda. Kisha kikohozi kimoja. Kisha cha pili. Kisha upepo peke yake.

— Kalavati, — alisema Karani.

Spana alikwenda kuwasaidia kusukuma. Waliporudi Mwalimu alikuwa amevua kofia, jasho linamtoka katika baridi ile.

— Haya, umesikia nini? — Karani alimwuliza Utingo.

— Inapiga chafya, halafu inakata roho. Lakini joto halina. Nimeshika silinda, ni vuguvugu tu kama uji wa jana. Joto nimeliacha. Sasa nina jambo lingine. Mwalimu, yule mzungu wako alikuwa anakwenda na pikipiki hii mpaka wapi?

— Popote. Hadi Matamba.

— Jioni, kwa matembezi tu?

— Jioni... — Mwalimu akafikiri. — Jioni alikuwa anafika kalavati, anageuza.

Utingo alipiga paja. — Mmesikia? Imezoea! Miaka saba kila jioni inageuzia pale.

— Sasa hivi ni asubuhi, — alisema Spana.

— Injini umeifungua yote, umeifunga yote. Itajuaje asubuhi na jioni?

Spana alitikisa kichwa, akavuta kizibo, fyo!, akachungulia tangini, akakirudisha. Akafungua kabureta, akaipuliza, akaifunga. Karani alikuwa ametoa kalamu.

— Spana, pistoni hii mpya uliitoa wapi?

— Kwenye pikipiki iliyokufa. Ya padre mmoja. Alinipa kwa moyo mmoja.

— Padre wa Kikatoliki?

— Kuna padre wa nini tena?

— Na pikipiki ni ya misheni ya Kilutheri. — Karani alitutazama mmoja mmoja. — Mimi sisemi kitu. Nauliza tu kama zinaelewana humo ndani.

— Mimi Mkatoliki, wewe Mlutheri, — alisema Utingo, — na tunakaa benchi moja.

— Tunakaa. Lakini tungefungiwa ndani ya silinda moja, ungeona.

Hata Mwalimu alicheka. Lakini alicheka kidogo, kisha akatazama jua. Nilijua anachokiona. Hulda alikuwa amesimama kwa Priska na sanduku lake la bati, akitazama njia.

— Ndugu zangu, — alisema, — tuache dini. Agustino, wewe ndiye fundi. Niambie ukweli.

Spana alikaa juu ya visigino. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuutaja mkono wake.

— Mwalimu, moto upo. Petroli ipo. Injini ina nguvu. Sielewi. Inabaki vali. Nifungue kichwa.

— Itachukua muda gani?

— Mpaka jioni.

Karani alianza kulikunja blanketi upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. Mwalimu alilipapasa kidogo.

— Pengine wenzake watamwazima, — alisema. — Fungua tu. Si kosa lako.

Spana akaweka spana kwenye boliti ya kwanza. Ilikuwa imekazwa mno, ikalia kama inakataa.

Wakati huo akaja bibi mmoja kwa njia ya Njombe, debe la ulanzi, pombe ya mianzi, kichwani. Hakuwa wa benchi letu. Baadaye tulijua anaitwa Emerensiana.

— Kamwene, — alisema.

— Kamwene, bibi, — tuliitikia.

Nilimshusha mzigo. Karani, kwa sababu ni mtu wa kanisani, alitazama upande mwingine, lakini akamsogelea Utingo ili bibi apate nafasi ya kukaa. Nikampa kahawa. Akaitazama pikipiki.

— Anaumwa nini huyu?

— Anakwenda nusu maili anakufa, — Utingo alimweleza. — Tukimrudisha hapa anafufuka.

— Mkimrudisha hapa mnampa nini?

— Hatumpi kitu. Fundi anafungua tangi, anachungulia, anafunga.

Bibi alinyanyuka na kikombe chake. Akaenda mpaka kwenye tangi, akashika kile kizibo, akakizungusha, hakikuzunguka. Akakivuta kwa nguvu zake zote. Fyo!

— He! — alisema. Akakitazama juu, chini. Kisha akaonyesha debe lake. — Wajukuu zangu, debe langu nimelitoboa matundu mawili. Moja ulanzi unatokea. La pili, dogo, pumzi inaingilia. Nikiliziba lile dogo kwa kidole, ulanzi unatoka kidogo, halafu unagoma, na debe limejaa. Sasa hili lenu pumzi inaingilia wapi?

Nilitazama wanaume watatu na mwalimu mmoja. Spana alifungua mdomo. Karani alifungua mdomo.

— Petroli haipumui, bibi, — Karani alisema mwishowe.

— Sijauliza petroli. Nimeuliza tundu.

Spana alikichukua kizibo mkononi mwa bibi, akakipuliza upande mmoja, akaweka kiganja upande wa pili. Akakaa chini kwenye vumbi kama mtu aliyepigwa.

— Kifuniko cha zamani kilikuwa na katundu, — alisema polepole. — Kama cha sindano. Nilidhani ni kutu.

Mimi moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa Ida ataamka. Waya wangu wa kuchochea mkaa ulikuwa jikoni, ncha yake nyekundu. Niliuchomoa, nikampa Spana, naye akaupitisha katikati ya gunzi. Moshi ulinuka kama mahindi ya kuchoma. Akarudisha kizibo, akakaza ile boliti aliyokuwa ameilegeza, akarudisha kila kitu. Karani alifunga blanketi kwenye kiti cha nyuma, mafundo manne, akalivuta kuona kama lina nguvu. Jua lilikuwa karibu saa tano.

— Nenda, Mwalimu! — alisema Utingo. — Maneno baadaye!

Teke moja. Akaondoka, koti linapepea.

Tulisikiliza. Bibi Emerensiana alisikiliza nasi ingawa hakujua tunasikiliza nini. Ikaenda. Utingo akainua kidole: kalavati. Haikukohoa. Ikapanda kile kilima cha pili, sauti ikawa nyembamba kama ya nyuki, na hata ilipopotea tuliendelea kunyamaza, tukiogopa kuirudisha.

— Nilisema ni pumzi, — alisema Utingo.

— Wewe? Ulisema ni mazoea!

— Mazoea ya kupumua. Na wewe na Ulutheri wako?

— Mimi nilisema kuna kitu hakielewani na kitu. Si ndivyo ilivyokuwa?

— Lakini mbona ikirudi hapa inawaka? — Utingo aligeuka. — Hilo sijaelewa.

— Kwa sababu nilikuwa nafungua, nachungulia, — alisema Spana. — Pumzi inaingia. Halafu nafunga. Asubuhi nzima namfufua mwenyewe, namwua mwenyewe.

— Bado sijaelewa.

— Na mimi, — alisema Karani. — Lakini nakubali.

Bibi alikuwa amemaliza kahawa yake. Akanirudishia kikombe, akaanza kuviringisha kata ya kichwani.

— Tena kilikazwa hasa, — alisema. — Na mpira juu. Nani aliyeziba namna ile?

Utingo alianza kukuna mguu wake mbovu. Karani akatazama kalamu yake kama ameiona leo. Wote walinijua. Wote walikuwepo jana nikichonga, na Karani ndiye aliyenipa kisu. Mimi nilitaka kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

— Ni mimi, — alisema Spana. — Fundi ni mimi.

— Mh, — alisema bibi. — Siku nyingine uwaulize wauza ulanzi.

— Nitawauliza, bibi.

Nilimtwika debe lake, akaenda zake sokoni. Nikatikisa birika. Kahawa ilikuwa imebaki kikombe kimoja, tena cha chini, chenye unga. Utingo alinyoosha mkono, maana zamu ilikuwa yake. Karani akamshika mkono huo, akaushusha taratibu.

Nilimpelekea Spana. Alikipokea kwa viganja.

— Si zamu yangu, Mama Ida.

— Kunywa tu, kaka.

Akakinywa chote, na unga wake.