Mzee Telesphor Rutashobya na Historia ya Stesheni ya Fernhill

Mzee Telesphor Rutashobya alizaliwa Kashozi, Bukoba, tarehe 14 Machi 1949. Alisoma kwa mapadre palepale Kashozi, akaajiriwa relini mwaka 1970, akapanda hadi kuwa stesheni masta mkoani Tabora. Huko ndiko alikofunga ndoa na Bi. Generosa, Agosti 1976.

Mwaka 1991 walihamia London, wakakaa Wembley. Marehemu alifanya kazi ya ulinzi hadi alipostaafu mwaka 2014, ndipo akaanza kujitolea Fernhill, stesheni ya zamani pembezoni mwa jiji, kwenye tawi la reli lililofungwa mwaka 1963 na kufufuliwa na wapenda treni. Miaka sita, kila Jumanne, alikusanya historia ya stesheni hiyo na kuiandikia kitabu: matofali na maziwa yaliyopita pale tangu 1868, watoto waliokimbia mabomu ya Vita Kuu ya Pili, treni ya mwisho iliyoondoka na abiria wanne na mbwa.

Kitabu kilipotoka, jaladani palikuwa na jina la Bwana Neville Crabb, mwenyekiti wa chama cha stesheni. Karibu, Bwana Neville, tunakuona hapo safu ya tatu. Angel, mtoto wa marehemu, anakutafsiria, na haruki neno.

"Telesphor, wewe ulinisaidia kuchapa tu," Bwana Neville alimwambia marehemu mbele ya wageni siku ya uzinduzi wa kitabu.

Bi. Generosa alichemka. "Baba Angel, kweli unanyamaza?"

"Nimeshasema, mama. Fungua ukurasa wa thelathini na moja."

Ukurasa huo unamsifu Thomas Balthazar, mshika bendera aliyesimamisha treni mwaka 1911 akaokoa ng'ombe wa watu. Bwana Neville alimpenda mno, akamwekea kibao cha shaba ukutani na kukizindua kwa hotuba ndefu. Sasa sikilizeni: Balthazar alikuwa babu wa marehemu, katekista wa Kashozi, ambaye hakuwahi kuona treni hata kwa mbali. Marehemu alimchomeka makusudi, akaandika hivyo daftarini mwake, na wajumbe wa chama walikabidhiwa daftari hilo juzi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, Bi. Generosa akiwa amemshika mkono. Alituachia agizo: "Msije mkamsamehe kwa niaba yangu."

Hatujamsamehe. Wajumbe wamejibu asubuhi hii: kitabu kitachapwa upya, jina la Telesphor likiwa jaladani peke yake. Kibao tumeomba kisiguswe, Bwana Neville awe anapita chini yake.

Ameacha mjane, Bi. Generosa, watoto wawili, Angel na Victor, na wajukuu watano.

Apumzike kwa amani, mwandishi wa historia ya Fernhill.