Makubadhi Mlangoni kwa Mama

Assalaam alaykum, ndugu zangu, na nyinyi mama zetu mlioko nyuma ya pazia. Alhamdulillahi! Semeni na nyie, msiniwache peke yangu: Alhamdulillahi! Ahsanteni. Imamu kaniambia niseme maneno machache, na mimi maneno machache sijayajua bado, kwa hivyo mnistahamilie.

Jina langu Suleiman, mtoto wa Bi Rukia wa Mkunazini. Wengi mnanijua, na wengi wenu mnanijua kwa ubaya. Nimeingia chuo cha mafunzo mara tatu. Hapa kwetu jela ndiyo tunaiita hivyo, na ya nne ilibaki kidogo tu. Wizi wangu ulianza Mlandege, kwenye maduka ya simu. Sikuwa na njaa, nakwambieni kweli. Mama alikuwa akipika maandazi ya kuuza, na nyumba haikukosa chai hata siku moja. Ulikuwa ujinga na kufuata wenzangu, na mkono ukishazowea haukuombi ruhusa.

Kule ndani, ndugu zangu, kilichonitesa si kazi wala si chakula. Ni sauti ya mama. Nyumbani kila asubuhi alikuwa akiniita kutoka jikoni, "Suleimaan!" na mimi naitika "Naam!" huku nimejifunika shuka gubigubi. Anaita mara tatu mpaka niamke. Wakati ule ilikuwa inanikera! Basi kule ndani nikawa naamka alfajiri, kabla sijafumbua macho, nangojea kuitwa. Kila siku nangojea. Nilikuwa najua niko wapi, lakini sikio halikutaka kujua.

Nilipotoka mara ya tatu nilikuwa nshakuwa seremala. Walinifundisha vizuri, haki lazima isemwe. Lakini nje hakuna aliyeniamini hata na msumari. Fundi mmoja aliniuliza, "Umejifunza wapi kuranda hivi?" Nikamwambia. Akasema njoo kesho, na hiyo kesho yake mpaka leo haijafika.

Nikenda nyumbani. Mama hakunifukuza, Mungu ampe umri. Alinipa chai na mkate wa kumimina, akaniuliza hali. Lakini wakati navua viatu mlangoni niliona pale pako peupe. Ndara zake hazipo. Nilipoingia nikaziona zimechungulia chini ya kitanda. Ndara za plastiki, ndugu zangu, zilizokatika kamba zikafungwa waya! Mama yangu mzazi anaficha ndara mwanawe asimwibie. Chai ile niliinywa huku naziangalia. Na tokea siku ile mama hakuniita tena kwa jina. Akitaka kitu ananijia pale nilipo, anasema taratibu, kama mtu na mgeni wake.

Ijumaa nikaja hapa hapa kusali. Mliniona, na niliwaona. Mmoja alirudi akachukua viatu vyake akaingia navyo kwapani. Wa pili naye, wa tatu naye. Msikiti mzima ukasali na viatu vimewekwa mbele ya miswala! Silaumu. Nilikuwa nimekuibieni. Lakini nilisujudu nikiwa na hasira, na shetani hana haja ya mlango mkubwa. Nikasema, kama wananiita mwizi basi na niwe. Kwenye ngazi palibaki jozi moja tu ya makubadhi ya ngozi, mapya, mazuri. Nikayavaa, nikenda zangu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Makubadhi yale ni ya Mzee Nassor, fundi viatu, huyu hapa aliyekaa mbele ananikunjia uso. Kila anachokishona hukitia uzi mwekundu kisiginoni, mji mzima unajua. Mimi nikayapeleka Mlandege kuyauza, meza ya tatu kutoka meza yake mwenyewe! Muuzaji aliyageuza mara moja tu, akaniangalia, akapiga kelele. Cheka, cheka, hata mimi sasa nacheka.

Siku ile sikucheka. Nilipelekwa mahakamani, makubadhi yakawekwa mezani kuwa kielelezo, na Mzee Nassor akaja kutoa ushahidi na ndara za kuazima. Mama alikuwepo, kiti cha nyuma kabisa, kajifunika buibui mpaka machoni. Hakimu akasema huyu nimeshamrudisha ndani na anarudi yule yule. Akasema yuko tayari kunipa adhabu ya kutumikia jamii badala ya kunifunga, nifanye kazi mtaani, nisainiwe na sheha, mkubwa wa mtaa, kila wiki, lakini apatikane mtu mzima wa kunisimamia. Akauliza, nani?

Ndugu zangu, mimi sikumuangalia hakimu. Nilimuangalia mama. Nilimuomba kwa macho, mama inuka, mama nyanyua mkono tu. Mama aliinamisha kichwa. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, miaka yote niliyokaa ndani haikunichoma kama kichwa kile kilivyoinama.

Basi akainuka Mzee Nassor. Hakimu akamwambia, "Mzee, wewe si ndiye uliyeibiwa?"

"Naam, mheshimiwa. Simpendi hata kidogo. Lakini nshachoka. Mnamfunga, anatoka, anatuibia, mnamfunga. Nipeni mimi, nione."

Hivyo ndivyo nilivyookoka! Si kwa mtu aliyenipenda. Ni kwa mtu aliyechoka. Subhanallah, Mungu ana njia zake.

Nikawa nasafisha hodhi la kutilia udhu, nafagia vichochoro kutoka hapa mpaka sokoni, na jioni nakaa kwenye meza ya Mzee Nassor najifunza ngozi, na usiku nalala kwake. Kunitukana alinitukana. Nikikata ngozi vibaya aliniuliza kama mikono yangu nimeiazima. Ijumaa ya kwanza akanikamata shati, akanikalisha pale ngazini, akasema, "Wewe utalinda viatu." Mlinung'unika, nakumbuka kila aliyenung'unika! Yeye akavua makubadhi yake, akayaweka mbele ya miguu yangu, akapaza sauti: "Anayeogopa na asali viatu vyake kavaa kichwani!" Akaingia ndani bila ya kugeuka nyuma.

Sikudanganyeni. Ijumaa ile palikuwa na viatu vya mgeni mmoja, vya bei, vinang'aa. Mkono uliniwasha. Nikaikalia mikono yangu. Kweli kabisa, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia mpaka ikafa ganzi, na imamu siku ile alirefusha khutba kuliko siku zote. Mlipotoka kila mtu alivikuta vyake. Mzee Nassor akavaa, akasema, "Haya, kesho uje mapema." Sikupata kusikia sifa nzuri kuliko ile.

Lakini moyo wangu ulikuwa Mkunazini. Nilimshonea mama jozi ya makubadhi, usiku na mchana nayawaza, uzi mwekundu kisiginoni kwa idhini ya mzee. Nikampelekea. Akayapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akayapandisha juu ya kabati. Akaendelea na ndara zake za waya, na kila nikifika ndara ziko chini ya kitanda. Wiki baada ya wiki. Adhabu yangu mahakamani ilikwisha, sheha akasaini karatasi ya mwisho, mji ukaanza kunisalimia, na mimi kila Ijumaa baada ya sala nakwenda kwa mama naangalia kizingiti. Peupe. Nanywa chai, naondoka. Mara nyengine nilifika njiani nikasema sirudi tena, kisha miguu ikanipeleka. Mtu mzima mwenye ndevu, natamani kuona viatu mlangoni!

Ukapita mwaka na zaidi. Ijumaa moja, mwezi wa Shaabani, nimefika kama kawaida. Niko mbali bado, nikaona kitu kwenye kizingiti. Nikasema labda kuna mgeni. Nikakaribia. Makubadhi, ndugu zangu. Yamekaa pamoja, kisigino kwa kisigino, uzi mwekundu. Na hayakuwa mapya! Yalikuwa na vumbi la sokoni, na ngozi ilikwishachukua umbo la vidole vya mama. Alikuwa akiyavaa siku nyingi, mimi sijui.

Nilisimama pale nje, sikuweza kugonga. Nilikuwa nalia kama mtoto, watu wanapita wananisalimia, siitikii. Mara nikasikia kutoka jikoni.

"Suleimaan!"

Nikajifuta machozi. Akaita mara ya pili, na mara ya tatu, kwa kukereka, kama zamani.

"Naam, mama."

"Ingia, chai inapoa."

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi Rabbil-alamin! Namshukuru Mungu, namshukuru hakimu yule ambaye hata jina langu pengine kalisahau, na namshukuru mzee huyu mkali. Ndugu zangu, aliyekata tamaa asikate. Mtegemeeni Mola wenu, hachoki kungoja.

Na nina ombi, ndiyo nimalize. Jumatatu anatoka kijana mmoja niliyekuwa naye kule. Ana mama, kama mimi. Ijumaa atakuja kusali hapa, na atasimama pale ngazini kuangalia mtafanya nini. Nnakuombeni, viwacheni viatu vyenu nje. Mimi ntakaa navyo, na yeye ntamkalisha pembeni yangu. Ntamuonyesha namna ya kuikalia mikono.